Sanduku la intaneti kutoka ng'ambo na antena za jirani

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, katika kambi moja ya eneo la Mahagi, Ituri

Tunajua leo ni siku ya soko na kwamba wamama wengi wameacha mihogo yao juani, kwa hiyo hatutachukua muda katika shukrani.

Tumekuja kwa sababu ya kitu hiki tulichoshika mkononi. Ni kidogo kuliko kipande cha sabuni, na hata hivyo kimetikisa kambi nzima. Ninyi mnakiita sanduku la WhatsApp. Mafundi wanakiita ruta. Ndani yake mna kadi ya SIM kama ile iliyo katika simu zenu. Sanduku linapokea intaneti kutoka antena ya kampuni ya simu, kisha linaigawa kwa simu na kompyuta zilizo karibu, bila waya. Hiyo tu ndiyo kazi yake. Tulilileta ili kamati ya amani ipate habari za vijiji mlivyovikimbia, ili mweze kuwasiliana na jamaa zenu waliovuka ziwa, na ili tangazo la kugawa chakula lisiwe linapita mdomo kwa mdomo hadi linageuka njiani.

Mnajua yaliyofuata. Wiki tatu zilizopita ilisemwa kwamba sanduku linaongea na Uganda. Ilisemwa kwamba linahesabu nyumba na kuwaonyesha watu wabaya mahali watoto wanapolala. Kijana aliyekuwa analilinda alirushiwa mawe, akalala usiku nne katika parokia, na mama yake akawa anampelekea chakula kwa kujificha. Jamaa tatu za bloki ya chini zilifunga mizigo na kulala porini, mvua ikiwanyeshea.

Kwanza tukubali kosa letu. Tulilileta sanduku siku ya Jumatatu, tukaliwasha, tukamwonyesha kijana mmoja namna ya kulitumia, tukapanda pikipiki tukarudi mjini. Hatukukaa na wakubwa wa bloki. Hatukuwaambia wamama ni kitu gani. Sisi tunaofundisha kila mwezi kwamba uvumi unaanza pale ambapo maelezo hayapo, ndio tulioacha pengo hilo wazi.

Siku ya pili jioni ujumbe uliingia. Ulikuwa wa Kiingereza, ukisema karibuni Uganda, na chini yake bei za kupiga simu. Kijana wetu amesoma Kiingereza kidogo. Akausoma kwa sauti, akacheka. Waliosikia hawakucheka. Kabla ya usiku neno lilikuwa limefika bloki zote, na kila lilipopita liliongezewa.

Hatuwacheki watu walioogopa. Wengi wenu mmetoka Djugu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, ilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Nao walikuwa wamekimbilia pale kama ninyi mlivyokimbilia hapa. Mtu aliyepitia mambo ya namna ile, akisikia kwamba kuna mashine inayosema kambi iko wapi, hangoji maelezo. Anachukua mtoto na kukimbia. Hata sisi tungekimbia.

Tulipochunguza tuliona kwamba katika yote yaliyosemwa neno moja lilikuwa kweli. Sanduku lilikuwa limeshika antena ya Uganda. Hatutaki kulificha hilo, maana mtu akigundua kwamba umemficha ukweli mdogo hatakuamini tena kwa mkubwa. Lakini limeshikaje antena ya nchi nyingine hali limewekwa hapa, ndani ya Congo, chini ya bati la parokia?

Mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi cha barabara wala hayaonyeshi kibali. Antena ya GSM, kwa mpango wake wa kawaida, inaweza kuhudumia simu iliyo mbali hadi kilomita 35, kama hakuna kilima katikati. Sisi tuko mahali pa juu, na Uganda iko pale mnapoiona asubuhi ukungu ukiondoka. Wale walioishi Aru wanalijua jambo hili tangu zamani. Ni vilevile Goma na Gisenyi, Bukavu na Rusizi, Uvira na Bujumbura. Popote watu wanapotazamana juu ya mpaka, simu inaweza kuamka katika nchi moja na kulala katika nyingine bila mwenyewe kuondoka kitandani.

Sasa, kadi ya SIM iliyokuwa ndani ya sanduku ilitoka Ubelgiji, pamoja na sanduku lenyewe. Mgeni wetu alilinunua kwao, akalitumia huko, akatuachia likiwa na kadi yake. Kadi ya Ubelgiji ikiwa hapa haina nyumbani. Kwake antena ya Congo ni ya ugenini, na ya Uganda ni ya ugenini vilevile. Inatafuta kampuni yoyote ambayo kampuni yake ya Ulaya imepatana nayo, halafu inaishika. Siku ile antena ya karibu nasi ilikuwa imezimika, kama inavyozimika mara nyingi mnavyojua wenyewe, na ile ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa na nguvu. Sanduku likaenda huko kama mbuzi anavyokwenda upande wenye majani. Halikutumwa na mtu. Na ule ujumbe wa kuwakaribisha Uganda ulitumwa na mashine. Kila kadi ya kigeni inayoingia katika mtandao hupokea ujumbe kama huo. Mfanyabiashara anayevuka Goli kununua bidhaa ameupokea mara nyingi.

Mzee mmoja alituuliza jana swali zuri: je, sanduku linajua kambi iko wapi? Tunamjibu mbele yenu bila kuzunguka. Ruta kama hii haina kamera wala maikrofoni. Haiwezi kuona nyumba wala kusikia maneno. Lakini kila kitu chenye kadi ya SIM kinachowashwa, kampuni yenye antena inajua kiko karibu na antena ipi. Bila hivyo isingeweza kukifikishia ujumbe. Jambo hili ni kweli kwa sanduku, na ni kweli kwa kila simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyeketi hapa, hata ile ndogo ya taa. Hakuna kitu sanduku linasema juu ya kambi hii ambacho simu zenu mia na zaidi hazisemi kila siku. Anayetaka kujua kambi iko wapi anaiona kutoka barabarani.

Tuje kwenye pesa, maana huko nako tuliumia. Kutumia kadi ya kwenu kwenye mtandao wa ugenini wanakuita romingi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Juni 2017, mtu mwenye kadi ya Ubelgiji anaweza kwenda Ufaransa au Italia akalipa kama vile yuko kwao. Mgeni wetu alizoea hivyo na hakuwaza. Lakini sheria ile inaishia kwao. Haifiki Uganda, wala haifiki hapa. Pesa tuliyopanga kwa mwezi mzima iliisha kwa siku mbili, na hatukujua mpaka hesabu ilipotufikia kutoka Ulaya. Kwa pesa hiyo tungelipa usafiri wa kamati ya amani kwenda mikutano miwili.

Wengine watasema: mbona zamani ilikuwa rahisi? Ni kweli. Wazee wa biashara watakumbuka Celtel. Mwaka 2006 Celtel ilianzisha mpango wa One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 ikaingiza Congo pia. Mtu alivuka mpaka na kadi yake na kuendelea kuongea bila kulipa bei ya ugenini. Baadaye Celtel ikageuzwa Zain, na mwaka 2010 Zain ikanunuliwa ikawa Airtel. Kumbukumbu hiyo nzuri inawadanganya watu hadi leo. Jina la Airtel liko pande zote mbili za mpaka wetu, rangi ni ileile, lakini Airtel ya Congo na Airtel ya Uganda ni mitandao miwili, yenye leseni mbili na kadi mbili. Ukiona neno Airtel juu ya kioo usiseme upesi kwamba uko nyumbani. Uliza bei kwanza, na tazama namba.

Namba gani? Tunaomba wakubwa wa bloki waiandike. Kila nchi imepewa namba ya tarakimu tatu kwa ajili ya mitandao yake, na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa linaloitwa ITU ndilo linalosimamia mpango huo. Congo ni 630. Uganda ni 641. Rwanda ni 635, Burundi ni 642, Tanzania ni 640, Sudan Kusini ni 659. Msiichanganye na ile ya kupigia simu, +243 yetu au +256 ya Uganda. Baada ya tarakimu hizo tatu zinafuata za kampuni. Kwa mfano 630 02 ni Airtel ya Congo, na 641 01 ni Airtel ya Uganda. Jina linaweza kufanana, namba haifanani.

Kuiona si kazi ngumu. Unaunganisha simu yako na sanduku, unafungua pale unapofungulia intaneti, na badala ya jina unaandika anwani ya sanduku. Kwa ruta nyingi za Huawei ni 192.168.8.1, kwa nyingine ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Imeandikwa mgongoni mwa sanduku, pamoja na neno la siri la kwanza. Neno hilo libadilishwe siku ileile, maana mara nyingi ni «admin» na kila kijana wa mjini analijua. Ndani ya ukurasa huo kuna mahali pa habari za mtandao. Kuna pia mambo mawili ambayo tungepaswa kuyafanya siku ya kwanza: kuzima romingi, na kuliambia sanduku lisijichagulie mtandao, bali tulichagulie sisi kwa mkono. Ukifanya hivyo, antena ya Congo ikizimika, sanduku nalo linakaa kimya mpaka irudi. Halivuki.

Tulitoa kadi ya Ubelgiji tukatia kadi ya Congo. Likashika 630, taa ikawa ya kijani, na bado hakuna ujumbe hata mmoja ulioingia. Vijana wakasema wazungu wamelifunga. Sivyo. Sanduku lilikuwa bado linabisha kwenye mlango wa kampuni ya Ubelgiji. Kila kampuni ya simu ina jina la mlango wake wa intaneti, wanaliita APN, na ruta iliyotoka nje inakuja na jina la huko ilikotoka. Tulimwuliza muuza kadi jina la kampuni yake, tukaliandika kwa herufi ndogo bila nafasi, na chai ilikuwa haijapoa ujumbe ulipoanza kuingia. Mkibadilisha kampuni, jina nalo linabadilika. Wengi wanatupa sanduku zima kwa kukosa neno moja.

Tangu habari hii isikike, jamaa nyingine zimetuletea masanduku yao. Tumeona mawili ambayo hayakufanya kazi, kila moja kwa sababu yake.

La kwanza lilitumwa na ndugu aliye Marekani. Alilinunua kwa pesa ya jasho, akalifunga na nguo za watoto, likasafiri miezi. Linawaka vizuri, lakini halioni antena hata moja. Fundi mmoja mjini alichukua dola za jamaa hiyo akisema atalifungua, na hakuna kitu alichofungua, kwa kuwa halikuwa na kifuli. Ugonjwa wake ni mwingine. Mawimbi yamegawanywa, na ITU imeipanga dunia katika kanda tatu. Afrika na Ulaya ziko pamoja katika ukanda wa kwanza, Marekani iko katika wa pili. Huku kwetu simu za kawaida hutumia 900 na 1800, ile 3G hutumia 2100 au 900, na 4G kwa kawaida 800, 1800 au 2600. Kule Marekani wanatumia 700, 850, 1900 na nyingine zao. Ni kama radio isiyo na mita bendi ambayo kituo chako kinatangazia. Uigeuze namna gani, hutakisikia. Tena kampuni kubwa za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo kuna masanduku mapya ya kule yasiyobeba 3G kabisa, wakati kwetu 4G ilianza mwaka 2018 mijini na vilima vingi bado vinaishi kwa 2G na 3G. Sanduku la Ulaya, kwa hiyo, lina nafasi nzuri zaidi hapa kuliko la Marekani, hata kama la Marekani ni la bei zaidi.

Si kila kitu cha Marekani ni kibaya. Kuna yanayobeba mawimbi ya kanda zote. Lakini lazima mtu asome kwanza karatasi yake, asinunue kwa kutazama picha juu ya kartoni.

La pili lilinunuliwa Arua, sokoni, kwa bei nafuu iliyomfurahisha mnunuzi. Hilo lina kifuli kweli. Kampuni ya simu ikiuza ruta kwa bei ya chini, mara nyingi inaifunga ili ifanye kazi na kadi zake tu. Ukitia kadi ya Congo linaomba nambari ya kufungua. Nambari hiyo inatoka kwa kampuni yenyewe na inafuata IMEI, yaani ile namba ya tarakimu 15 iliyoandikwa chini ya sanduku, kila sanduku na yake. (Tukitaja IMEI tunaona nyuso zinakunjamana, mnakumbuka kodi ya RAM iliyoanza mwaka 2020 na kufutwa mwaka 2022. Namba ni ileile, lakini kuisoma hakulipishwi kitu.) Jambo la hatari ni kubahatisha. Modemu nyingi za Huawei zinaruhusu majaribio 10 tu. Yakiisha, hata nambari ya kweli haisaidii tena. Kijana wa sokoni alikuwa ameshajaribu mara sita alipoambiwa aache. Mwenye sanduku sasa anajua: atalirudisha Arua, kwa duka lilelile, akiwa na risiti yake.

Kwa hiyo ndugu akikupigia kutoka ng'ambo akisema anakutumia ruta, mshukuru, halafu mwulize. Je, imefunguliwa kwa kadi za kampuni zote? Je, inabeba 900, 1800 na 2100, na kwa 4G bendi za 3, 7 na 20? Je, chaja yake imeandikwa 100–240? Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, itaungua siku utakapoichomeka kwenye jenereta ya 220. Ile ya mfukoni yenye batri na waya wa USB ni bora kwetu, maana inachajiwa na paneli ndogo ya jua. Akishindwa kujibu hayo, kwa maoni yetu ni afadhali atume pesa, na ninyi mnunue Bunia sanduku ambalo muuzaji amelijaribu mbele ya macho yenu kwa kadi yenu. Tunajua si rahisi kumwambia hivyo ndugu anayetaka kusaidia. Lakini jamaa ile ya sanduku la Marekani ingekuwa na chakula cha wiki nyingi leo.

Tuseme kidogo juu ya mega, kwa kuwa ndipo ugomvi wa pili ulipoanzia. Watu walisema kijana anauza mega usiku. Hakuuza. Simu inapoona Wi-Fi inafikiri iko kwenye shamba lisilo na mwenyewe. Inaanza kusasisha programu zote, inapeleka picha zote kwenye akiba ya Google, inashusha video za vikundi vyote vya WhatsApp, na mwenyewe ameketi akifikiri anasoma ujumbe mmoja. Simu kumi za namna hiyo zinamaliza forfe ya wiki katika mchana mmoja. Hata sisi ofisini yametupata. Kabla ya kuungana, zima masasisho ya wenyewe, zima akiba ya picha, na katika WhatsApp kataa video zisishuke bila kuulizwa. Vijana wa kamati watamwonyesha kila mtu. Dakika tano zinatosha.

Jambo zito zaidi ni jina. Kadi ya SIM katika Congo inaandikishwa kwa kitambulisho cha mtu, na wengi wenu kadi ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo mkubwa mmoja wa bloki alianza kuandikisha kadi za majirani kwa jina lake, kwa huruma. Tunamheshimu, na tunamwomba aache. Siku kadi moja kati ya hizo itakapotumiwa kutukana au kutisha mtu, yeye ndiye atakayeulizwa. Kadi iliyo ndani ya sanduku hili iliandikishwa kwa jina la shirika letu, na karatasi yake tumempa baba rais wa kambi. Kukitokea swali kutoka kwa wenye mamlaka, swali lije kwetu. Lisimwendee kijana.

Tumekaa siku mbili na wakubwa wa bloki, na tumekubaliana hivi. Sanduku halitakaa tena katika nyumba ya mtu. Litakaa chini ya hangari, mezani, mahali ambapo mama anayekwenda kuchota maji anaweza kuliona. Litawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni, kabla ya giza. Watu watatu watalilinda kwa zamu, na mmoja kati ya hao ni mama. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajaungana, mlinzi wa zamu atasoma namba ya mtandao na kuiandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo. Ikiwa ni 630, kazi inaendelea. Ikiwa ni 641, hakuna kukimbia: analizima, anamwita mkubwa wa bloki, wanatazama pamoja kama mtu amegusa mipango. Na ikiwa habari ya kutisha imeingia kupitia sanduku, haisomwi kwa sauti pale mezani. Inapelekwa kwa kamati ya amani, nayo inapiga simu mahali inaposemekana jambo limetokea, kabla ya kambi kuambiwa.

Wakubwa wawili hawakukubali saa ya kuzima. Wanasema usiku ndio wakati wa hatari, na ndio wakati habari inahitajika. Wana haki ya kusema hivyo. Tumeacha jambo hilo wazi kwa mwezi mmoja, tutalirudia tukiwa tumeona zamu zinavyokwenda. Kwa sasa simu mbili za kamati zinabaki wazi usiku kucha, na tunalipa yunite zake.

Yule kijana yuko hapa. Ameketi kule nyuma, karibu na mama yake. Hatukuja kuhukumu aliyerusha jiwe, na hatutataja jina la mtu. Jamaa yake haikuomba fidia. Iliomba jambo moja tu, kwamba lisemwe mbele ya watu wote kwamba mtoto wao hakuuza kambi hii. Sisi tunalisema: hakuuza. Alisoma ujumbe uliokuja wenyewe kwenye sanduku tulilolileta sisi, likiwa na kadi tuliyoiacha sisi ndani. Baba rais wa kambi naye atasema neno lake baada yetu.

Kabla hajasimama, tutaliwasha sanduku hapa mezani. Tunamwomba mama mkubwa wa bloki ya tatu, yule aliyekuwa wa kwanza kukimbia na watoto, aje mbele. Mpeni nafasi apite. Mama, simu hii imeshaungana. Tazama hapa juu, kwenye mstari wa pili, kuna tarakimu tano. Tusomee zile tatu za kwanza, kwa sauti, ili hata walio nje ya hangari wasikie.